Sikio Lililogeuka Njiani

Sikio lilifika kwenye kompyuta ya Milimita likiwa dogo kama punje ya mchele.

"Mnong'ono," aliniita bila kugeuza shingo, "umenitumia sikio la nani hili? La sisimizi?"

Niliinuka nikasimama nyuma ya kiti chake. Katikati ya skrini ya kijivu palikuwa na kidoa kimoja. Alikivuta karibu, akakivuta tena, mpaka kidoa kikaota ndewe, kikaota tundu, na ile kingo ya juu iliyojikunja ambayo nilikuwa nimeihangaikia wiki nzima. Lilikuwa lenyewe.

"Ni vipimo," nilisema. "Programu yangu inahesabu kwa sentimita. Yako inasoma namba zilezile, lakini inadhani ni milimita."

"Inadhani ni nini? Sisikii."

"Milimita."

"Naam, nimeitika." Akacheka peke yake, akalikuza sikio mara kumi.

Tulimwita Milimita kwa sababu kila kosa kwake lilikuwa la milimita tu, hata likiwa la kidole kizima. Mimi alinibandika Mnong'ono tangu nilipoanza kazi, kwa sababu ya sauti yangu ambayo haivuki meza. Sikukasirika. Mtu akikupa jina, angalau amekuona.

Karakana yetu ilikuwa na vyumba viwili na mlango katikati ambao haukuwahi kufungwa. Tulitengeneza viungo vya uso: pua, masikio, mara mojamoja jicho pamoja na kope zake. Kazi yangu ilikuwa kuchonga kwenye kompyuta, kwa kalamu na kibao chake, kama mtu anayefinyanga udongo asioweza kuugusa. Nikimaliza, faili inahamia kwenye programu ya Milimita, ambayo haijui kuchonga ila inajua kutengeneza kalibu, yaani mapande mawili yenye uwazi katikati wa umbo la kiungo. Kalibu inachapwa kwenye printa, Mama Nta anamimina silikoni ndani yake, na kinachotoka ndicho mtu anachokwenda nacho nyumbani. Shida ilikuwa pale faili inapohama. Programu zile mbili ziliishi kama mawifi wasiopatana: zinasalimiana vizuri, lakini ujumbe ukipita kati yao haufiki kama ulivyotumwa.

Siku nyingine tungejipa muda. Siku hiyo mwenye sikio alikuwa ameketi chumba cha pili, karibu na dirisha, akisubiri.

Alikuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu, mtu mzima mwenye wajukuu. Ugonjwa ulikuwa umemla sikio la kulia, madaktari wakalikata lote ili kukiokoa kichwa. Alikuwa amepona. Mahali pa sikio palibaki ngozi laini na vijiti viwili vya chuma vilivyopandwa kwenye mfupa, vya kushikia sikio bandia kwa sumaku. Hakuja kutafuta uzuri. Bila miwani hakuweza kuona mbali, na miwani haina pa kukaa kwenye kichwa chenye sikio moja. Alikuwa akiifunga kwa lastiki, lastiki inateleza, na kampuni ilikuwa imemtoa kwenye usukani mpaka daktari wao aione miwani imetulia usoni. Tulikuwa tumempangia wiki inayofuata. Lakini jana yake kampuni ilimpigia kwamba upimaji umesogezwa karibu, ni asubuhi itakayofuata siku yetu hii, makao makuu, mji mwingine. Asipofika, au akifika na lastiki yake, njia yake inapewa mtu mwingine moja kwa moja. Na basi la mwisho la kwenda huko huondoka jua likizama.

"Wanasema sikio la kufa halisikii dawa," nilimsikia akimwambia Mama Nta. "Langu lilisikia zote, mama. Za hospitali, za jirani, hata za shemeji yangu ambaye si mganga. Likafa vilevile."

"Tulia, mzee. Ukicheka, shavu linabadilika rangi."

Mama Nta ndiye aliyekuwa mwenye karakana. Alikuwa akichanganya rangi za silikoni, anapaka tone kwenye ukucha wake, anauweka ukucha kwenye shavu la dereva, anatikisa kichwa, anaongeza chembe ya nyekundu. Silikoni iliyobaki ilitosha sikio moja. Shehena nyingine ilikuwa njiani, na hakuna aliyejua njia hiyo ina urefu gani.

Huku kwetu, sikio lilipofika ukubwa wake tuliona limelala kifudifudi. Hilo tulilizoea: kwangu juu ni juu, kwa programu ya Milimita juu ni mbele. Akalisimamisha. Liliposimama ndipo tukaona ni jeusi. Halikuwa na weusi wa ngozi ya mtu. Lilikuwa na weusi wa shimo, halina kivuli wala mng'ao.

"Hili nalo limeungua wapi?" Milimita aliuliza.

Nililijua tatizo lile. Umbo la kwenye kompyuta halina nyama, ni ngozi tupu, na ngozi hiyo ina upande wa nje na upande wa ndani kama shati. Programu ya Milimita ikiona ngozi imevaliwa kinyume, inaipaka nyeusi.

"Ni ngozi tu," nilisema. "Umbo lenyewe halina kosa. Igeuze ngozi, ile amri iko chini ya—"

"Mnong'ono," Mama Nta aliita, "njoo unishikie taa."

Nikaenda. Nilishika taa mpaka mkono ukafa ganzi, na dereva akaniuliza kama nimeolewa, na Mama Nta akamwambia asimtishe mtoto wa watu. Niliporudi, sikio lilikuwa jeupe, zuri, linang'aa kwenye skrini ya Milimita kama kitu kilichotoka kuoshwa. Tayari alikuwa amelizungushia mapande ya kalibu.

"Umefanyaje?" niliuliza.

"Nimeligeuza."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipopaswa kufanya kazi. Kwenye karakana yetu neno hilo moja lilibeba mizigo mitatu. Kukizungusha kitu ili kitazame huku ni kukigeuza. Kuipindua ngozi ya ndani ije nje ni kuigeuza. Na kukipitisha kitu kwenye kioo, cha kushoto kikawa cha kulia, nako ni kukigeuza.

"Umeigeuza ngozi," nilisema, "au umeligeuza..."

"Nimeligeuza, Mnong'ono. Lilikuwa jeusi, sasa ni jeupe. Unataka ligeuke mara ngapi?"

"Nilitaka kujua tu."

"Nimefanya kazi hii kabla hujamaliza shule. Sikio halipiti kichwa." Akaniangalia, akaona ameniumiza, akalainisha sauti. "Tuna haraka, dada yangu. Likikosea, litakosea milimita."

Nikarudi kwenye meza yangu. Akabonyeza, na printa ikaanza kunguruma.

Kalibu ilichapwa asubuhi yote, mpaka mchana ukapinda. Dereva alikunywa chai, akalala kitini, akaamka, akapokea simu ya mkewe. "Bado," alimwambia. "Bado wananipika." Kila alipoongea aliishika miwani kwa vidole viwili, na nilianza kuchukia lastiki ile kana kwamba ni mtu.

Kalibu ilipotoka tuliiosha kwa spiriti, tukaikausha, Mama Nta akaipaka mafuta ili silikoni isishikane nayo. Tukaiweka mezani mapande yake mawili yakiwa wazi, tukainama wote watatu kuitazama. Ndani ya pande la mbele umbo lilionekana waziwazi: kingo iliyojikunja, bonde, ndewe.

"Ona," Milimita alisema. "La kulia kabisa. Hata mjomba wangu asiyeona angejua."

Lilionekana la kulia kweli. Nilijihisi mpumbavu kwa wasiwasi niliokuwa nao asubuhi nzima, na upumbavu huo ulinipa raha. Mama Nta akaniambia nilete sumaku. Ziko rafu ya juu, nyuma ya kalibu za zamani.

Nilipanda kwenye kigoda. Rafu ile ilikuwa na vumbi la miaka, na kalibu za watu waliokwisha kwenda zao, kila moja imeandikwa kwa rangi upande wa sikio. Nilisogeza moja ili nifikie kopo la sumaku, na pande lake la juu likateleza likafunguka. Ndani niliona sikio la kushoto. Nikalifunga. Ubavuni, kwa mwandiko wa Mama Nta, lilikuwa limeandikwa KULIA.

Nilidhani alikosea kuandika. Nikafungua ya pili. KULIA, na ndani sikio la kushoto. Ya tatu ilisema KUSHOTO, na uwazi wake ulikuwa wa sikio la kulia, bila shaka yoyote.

Nilibaki juu ya kigoda, kopo mkononi. Kisha nikaelewa. Kalibu ni uso uliotazama uso. Unapochungulia ndani yake humwoni mtu mwenyewe, unaona sura yake ya kwenye kioo. Kalibu ya sikio la kulia inatakiwa kuonekana ya kushoto. Kalibu sahihi huonekana kosa.

Na ile iliyokuwa mezani ilionekana sahihi.

Nilishuka. Chumba cha pili pampu ya kutoa viputo ilikuwa imewashwa, inatetema na kukoroma, na chini ya kifuniko chake cha kioo silikoni yenye rangi ya shavu la dereva ilikuwa inapanda na kushuka kama maziwa yanayotaka kuchemka. Kando yake ilikaa chupa ndogo ya kigandishi. Kigandishi kikiingia, hakuna kurudi nyuma. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai silikoni inakuwa mpira.

"Mama," nilisema.

Pampu ilikoroma. Mama Nta alikuwa ananipa mgongo. Milimita alikuwa anamsimulia dereva kuhusu gari la kaka yake.

"Mama," nilisema tena, na hata mimi sikujisikia.

Sijui watu wenye sauti wanafanyaje. Nafikiri kwao maneno yako karibu na mlango. Yangu hukaa chumba cha ndani, na kila linapotaka kutoka hukutana na mengine yanayolirudisha: na kama umekosea? Na kama vichwa vitatu vimeangalia na wewe peke yako ndiwe uliyechanganyikiwa? Umetazama kalibu tatu za vumbi ukiwa juu ya kigoda. Basi linaondoka jua likizama. Utamchelewesha mzee wa watu kwa sababu ya kizunguzungu chako?

Mama Nta alizima pampu. Alifunua kifuniko, akanyoosha mkono kuchukua kigandishi bila kuangalia, kama mtu anayejua kila kitu chake kilipo. Mkono ukapapasa meza tupu.

Chupa nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa nimeificha mgongoni, kama mtoto aliyeiba sukari, na sikukumbuka kuichukua.

"Kigandishi kiko wapi?"

"Ninacho."

"Kilete, mwanangu."

"Hapana."

Milimita aliacha gari la kaka yake katikati ya barabara. Mama Nta akageuka polepole, akanitazama kwa mshangao wa kweli, maana tangu anijue hakuwahi kulisikia neno lile kinywani mwangu.

"Kalibu ni ya kushoto," nilisema.

"Ya kushoto vipi?" Milimita alisogea. "Tumeiangalia wote. Wewe mwenyewe umeiangalia."

"Ndiyo. Na ilionekana ya kulia."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo maana."

"Mnong'ono, jua haliko upande wetu. Mpe Mama chupa."

Nilitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yananijia, na nilijua yakifika hakuna atakayenisikiliza tena, kwa hiyo nilipiga moyo konde, nikaitumbukiza chupa mfukoni, nikapita katikati yao mpaka mezani. Nikachukua kipande cha nta kwenye bakuli, nikakisugua viganjani kikalainika, nikakikandamiza ndani ya pande la mbele la kalibu. Nilisikia Milimita akisema, "Mafuta, unaharibu mafuta," na Mama Nta akisema, "Mwache." Niliibandua nta taratibu, kona moja kisha nyingine. Ikatoka nzima.

Nilimwendea dereva. "Samahani, mzee," nilisema, nikaiweka nta upande wa kulia wa kichwa chake.

Ndewe ilikuwa chini, mahali pake. Lakini ile kingo ya nje, inayopaswa kujikunja nyuma kuelekea kisogoni, ilikuwa imeelekea shavuni, na uwazi wa sikio ulitazama nyuma. Ungedhani mtu amemsogelea kwa nyuma na kumbandika sikio gizani.

Dereva alichukua kioo cha mkononi, akajitazama huku na huku.

"Kwa kazi yangu si baya," alisema. "Nitawasikia wanaonipigia honi nyuma." Alisubiri tucheke. Hatukucheka, akakilaza kioo mapajani. "Hakuna lingine, siyo?"

Mama Nta alivuta kigoda akaketi. "Kwa miaka yote hii," alisema, "kalibu ikinionyesha kulia, najua ni ya kushoto. Leo nimeitazama kwa macho ya mtu mwenye haraka."

Milimita alikuwa ameshika kipande cha kalibu, anakigeuzageuza. Shingo yake ilikuwa imeloa jasho. "Nilibonyeza kioo," alisema. Alikuwa kama anajisemea mwenyewe. "Ngozi ilikuwa nje ndani, nikapitisha sikio kwenye kioo, weusi ukaondoka. Nikaona limepona."

"Na mimi sikukigandisha kioo changu," nilisema.

Ndivyo ilivyokuwa, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Sikuwa nimelichonga sikio lile kutoka hewani. Tulikuwa tumeskani sikio lake zima la kushoto, na mimi nikalipitisha kwenye kioo cha programu yangu likawa la kulia, kisha nikalirekebisha. Lakini sikukigandisha kioo, yaani sikuifanya sura ile iwe ya kudumu ndani ya faili. Kwangu sikio lilionekana la kulia. Ndani ya faili lilikuwa bado la kushoto lenye amri mgongoni: *ukifika, jigeuze*. Programu ya Milimita iliitii amri nusu. Ililigeuza umbo, ikaisahau ngozi, ndiyo maana ikawa nyeusi. Milimita akalipitisha kwenye kioo mara ya pili, ngozi ikatulia, na umbo likarudi lilikotoka.

"Tuchape kalibu upya," Mama Nta alisema, lakini aliangalia dirishani akisema hivyo. Jua lilikuwa limeshapita paa la jengo la pili. Kalibu moja ilikuwa imetumia asubuhi yote.

Dereva alianza kuifunga miwani yake. Aliivuta lastiki nyuma ya kichwa, ikateleza, akaivuta tena. Alikuwa hatanii tena, na hilo lilinitisha kuliko chochote tangu asubuhi.

"Tusichape kalibu," Milimita alisema.

Tulimtazama.

"Kalibu ni tofali. Printa inapoteza muda kujaza tofali. Tuchape sikio lenyewe, ni dogo, jembamba. Halafu Mama alizamishe kwenye jasi atengeneze kalibu kwa mkono. Jasi inakauka upesi." Alinigeukia. "Na sikio likiwa mkononi halimdanganyi mtu. Unaliweka kichwani mwa mzee, unaona."

Mama Nta alishaanza kukunja mikono ya gauni. "Jasi ipo. Nenda, mwanangu. Nenda."

Nilikaa kwenye kiti changu, wote wakaja wakasimama nyuma yangu, hata dereva na kioo chake. Sipendi kutazamwa nikifanya kazi. Vidole hunigeuka magogo. Nilifungua faili. Sikio lilikuwepo, la kulia, halina wasiwasi. Nikaitafuta amri ya kukigandisha kioo, nikaikosa, nikaipata. Sikio lilitetemeka kidogo kwenye skrini, kisha likatulia vilevile. Hakuna macho ambayo yangeona tofauti.

"Limekubali?" Dereva aliuliza.

"Sijui bado, mzee."

Nikabadilisha vipimo viwe vya milimita. Nikachagua mhimili wa juu. Nikatoa faili mpya. Milimita alikuwa ameshafika kwenye kompyuta yake. Nilisikia kipanya kikibofya, kikanyamaza.

"Liko saizi yake," alisema. "Limesimama."

"Rangi?"

"Jeupe."

Kisha printa ikalikataa. Ujumbe mwekundu ulisema umbo halijafunga, lina tundu mahali fulani. Milimita alilizungusha sikio, na vidole vyake vilikuwa vinakimbia mno, kila akikaribia panapovuja anapapita. Nilinyoosha mkono nikagusa skrini. Nyuma kabisa, panapokutana na kichwa, nilikuwa nimeliacha wazi, kwa sababu nilijua kalibu ingepafunika. Akapaziba. Ujumbe ukaondoka.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, akasita. Mtu yule aliyekuwa na jibu la kila kitu alinitazama.

"Kabla sijabonyeza. Hili ni la kulia. Kulia kwa nani? Kwangu ninayelitazama au kwake?"

"Kwake," nilisema.

"Una uhakika?"

"Kwake," nilisema tena, na safari hii Mama Nta alinisikia kutoka kwenye sinki, kwa sababu alijibu, "Basi bonyeza."

Printa yetu hutengeneza vitu kichwa chini. Sikio lilichomoza kutoka kwenye uji wa plastiki, ambao printa huugandisha, likiwa linaning'inia kama popo, ndewe kwanza. Simu ya dereva iliita, akaitazama, akaiacha iite. Mwanga ulioingia dirishani ulikuwa unapanda ukutani. Mama Nta alikuwa amepanga mabakuli ya jasi, maji, brashi, hana la kufanya, akaanza kuyapanga upya. Milimita hakuketi. Mimi nilijiambia kwamba nikilitazama sikio halitakua, nikatazama ukuta, kisha nikalitazama.

Lilipotoka lilikuwa bado linateleza kwa spiriti. Milimita hakulishika. Alinisukumia mimi trei.

Nililipeleka kichwani mwa dereva, upande wa kulia. Kingo ilijikunja kwenda kisogoni. Uwazi ukatazama mbele. Mama Nta alizunguka nyuma ya kiti, akayatazama yote mawili kutoka kisogoni, la kuzaliwa na la kuchapwa.

"Ndugu hawa," alisema, akalichukua.

Yaliyofuata yalikwenda kwa mikono yake. Jasi ya chini, mafuta, jasi ya juu, kusubiri huku akigusa bakuli kwa mgongo wa kidole mpaka likapata joto, halafu likapoa. Kalibu ilifunguka. Tukachungulia, na ndani tukaona sikio la kushoto, baya, kosa tupu, na Milimita akasema, "Afadhali." Nikamkabidhi Mama Nta chupa ya kigandishi. Ilikuwa bado mfukoni mwangu. Ilikuwa na joto la mwili.

Sikio la silikoni lilitoka kwenye tanuri dogo wakati mwanga wa dirishani ulishakuwa mwekundu. Lilikuwa na kiputo kimoja chini ya ndewe, na mstari wa maungio ambao Mama Nta alitaka kuusugua.

"Mama," dereva alisema, "basi."

Aliliacha. Sumaku zilikamata kwa mlio mdogo, kama mlango wa kabati. Dereva aliivua lastiki, akaivaa miwani, mkono mmoja ukabaki hewani karibu na uso, hauamini. Akainama. Akatikisa kichwa. Akatazama nje ya dirisha akasoma, kwa sauti, herufi za bango la duka la upande wa pili wa barabara, hata zile ndogo za chini zilizosema wanapokea oda. Kisha akachukua mfuko wake, akatushika mikono mmoja mmoja kwa haraka, wangu akaushika kwa mikono yake yote miwili, akatoka. Tulimsikia akishuka ngazi mbilimbili.

Hatukujua kama alilipata basi.

Siku iliyofuata hakuna aliyelitaja. Niliandika kwenye karatasi maneno matatu, *zungusha*, *pindua*, *kioo*, nikaibandika kati ya kompyuta zetu, na chini yake Milimita akaongeza kwa kalamu nyekundu: *neno geuza ni marufuku humu*. Asubuhi ikapita. Alikuwa anaingiza pua ya mtu kwenye programu yake, imefika imelala kifudifudi, akaniita niione, na tena aliuliza kabla ya kubonyeza.

Mchana simu ya karakana iliita. Mama Nta alipokea, akasikiliza, akaiweka sauti kubwa ili tusikie. Ilikuwa sauti ya mwanamke, mkewe dereva.

"Ameniambia niwapigie mimi," alisema. "Yeye hawezi. Yuko barabarani, anaendesha."